Xuma alipandishwa cheo, mbona tunasema alinyimwa nafasi?

“Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, nyumbani ni Tukuyu. Tunasoma riwaya ya Mine Boy ya Peter Abrahams na tumepewa insha inayotutaka tuonyeshe jinsi ukandamizaji wa rangi unavyombana kijana Xuma asipate nafasi maishani. Tatizo langu ni kwamba mimi huo mbano siuoni. Xuma anaingia Johannesburg hana kitu, usiku huohuo anapata pa kulala, baada ya muda mfupi anapata kazi mgodini na kufanywa kiongozi wa wenzake. Ana mshahara, ana nguvu, watu wanamheshimu. Kwa maoni yangu kilichomwangusha ni mapenzi ya Eliza. Halafu kuna babu yangu mzaa baba, sasa ana miaka 86. Alikwenda Wenela, yaani migodi ya Afrika Kusini, ujanani, akarudi na baiskeli, cherehani na fedha ya kununua ng’ombe wa mahari. Anasema makaburu walikuwa wakali lakini mshahara haukuchelewa. Nikimsomea vipande vya kitabu anacheka, kisha anakohoa, kisha ananyamaza. Mwalimu wangu kasema nikiandika ninavyofikiri nitapata sifuri. Nani yuko sahihi: mwalimu, babu au mimi?”

Marahaba, mwanangu. Ndaga kwa swali, maana wanafunzi wengi wana mashaka kama yako ila huyameza na kuandika kile wanachodhani mwalimu anataka kusikia. Nimefundisha riwaya hii hapa Iringa kwa miaka, na insha zinazonichosha kuliko zote ni zile zinazosema “Xuma aliteseka sana” kurasa nne mfululizo bila kuonyesha aliteswa na nini, wapi, saa ngapi.

Nikutoe hofu kwanza: sifuri huipati. Msahihishaji hakasirishwi na hoja inayopinga swali, anakasirishwa na hoja isiyo na ushahidi kutoka kitabuni. Lakini hoja yako ilivyo sasa ina tundu, na tundu lenyewe liko palepale unapoona pamejaa. Namaanisha kile cheo.

Kitabuni kazi aliyopewa Xuma ina jina la Kiingereza, “boss boy”, nawe nadhani ndilo lililokupoteza. Tafuta neno la kwetu. Mtu anayesimamia genge la vibarua wenzake, anayewahimiza, anayebeba lawama yao mbele ya mzungu, huku yeye mwenyewe akiwa kibarua, tunamwita nyapara. Ukishaliandika neno hilo pembeni mwa ukurasa, jiulize: nyapara wa mgodini anapanda kwenda wapi?

Jibu ni kwamba hapandi. Tangu mwaka 1911 Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya migodi, na mwaka 1926 ikarekebishwa na kukazwa zaidi, kwamba vyeti vya kazi za ujuzi, kama ulipuaji wa baruti na uendeshaji wa mitambo, Mwafrika hapewi. Hata awe amefanya kazi hiyo kwa macho na mikono yake kwa miaka ishirini. Kwa hiyo cheo unachokiona wewe kama mwanzo wa safari, kisheria ndicho kilikuwa kituo cha mwisho. Wewe uko kidato cha tano na juu yako kuna cha sita. Ngazi ya Xuma ina kidato kimoja tu, naye alikikanyaga siku za mwanzo.

Ndiyo maana nasema Abrahams alikuwa mjanja. Angeweza kutuletea kijana anayefukuzwa kila mlango, sisi tukamlilia. Badala yake ametupa kijana anayefanikiwa haraka kuliko wote: ana kifua, ana akili ya kazi, watu wanamfuata. Amempa kila alichoweza kupata mtu mweusi mgodini, na alipomaliza kumpa, tukakiona chote ni kidogo kiasi gani. Angekuwa dhaifu au mlevi tungesema kajiponza mwenyewe.

Angalia na jina la kitabu. Neno la pili pale tulilitohoa zamani tukapata “boi”, yule wa kufua na kupika kwa mzungu. Xuma ni mwanamume mrefu, mwenye nguvu za kusukuma toroli peke yake, na bado mbele ya mgodi ni boi. Mzee mwenye wajukuu naye ni boi. Ubaguzi wa aina hii hauhitaji kumpiga mtu kila siku, unamkataza tu kukua.

Sasa rudi kwenye siku yake ya kwanza kazini, usome polepole. Wanasukuma matoroli ya mchanga kwenda kwenye chuguu la mgodi, wanamwaga, wanarudi, wanasukuma tena, jasho linatiririka. Jioni Xuma anatazama lile chuguu, anaona liko vilevile kama asubuhi, halijaongezeka wala kupungua, na anaingiwa na woga. Huyu ametoka kijijini, ambako ukilima unaona tuta na ukijenga unaona ukuta. Hapa anatumika mchana kutwa na hakuna pa kuonyesha kidole akasema hiki nimekifanya mimi. Kama nafasi yako ya nukuu ni moja tu, tumia hiyo. Sheria zote nitakazokutajia zimo ndani ya lile chuguu.

Kabla ya sheria hizo, nisahihishe kosa moja ambalo nahisi utalifanya kwa sababu kila mwanafunzi hulifanya. Usiandike kwamba Xuma alikandamizwa na “mfumo wa apartheid”. Kitabu kilitoka mwaka 1946, na chama kilichofanya apartheid kuwa sera rasmi ya dola kilishinda uchaguzi mwaka 1948. Mwandishi mwenyewe alizaliwa Vrededorp, Johannesburg, mwaka 1919, na kufikia 1939 alikuwa ameshaondoka nchini. Anachokisimulia ni mitaa aliyokulia kabla ya makaburu kuipa hali ile jina. Kosa hili linakera kwa sababu linaficha jambo kubwa, kwamba kamba ilikuwa imeshafungwa miaka mingi kabla ya hapo, tena fundo kwa fundo.

Fundo la kwanza lilikuwa ardhi. Sheria ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika takribani asilimia 7 ya ardhi ya nchi yao. Mwaka 1936 kiwango kikasogezwa kufika kama asilimia 13. Watu wengi, kijisehemu cha nchi. Ng’ombe hawana malisho, shamba haligawanyiki tena, na kodi inadaiwa kwa fedha taslimu, si kwa mahindi. Kijana afanyeje? Atakwenda mjini. Lakini mjini nako, tangu sheria ya mwaka 1923, anahesabika kuwa mgeni anayevumiliwa maadamu ana kazi, na lazima atembee na pasi, hati inayoonyesha ameruhusiwa kuwa pale na ameajiriwa na nani. Babu yako atakuambia kipande ni nini, hata huku Tanganyika kilikuwepo, ila cha kule kilikuwa na meno makali zaidi: polisi anakusimamisha barabarani, huna, unalala ndani. Ukiwa na pasi ya mwajiri fulani huwezi kumwambia nakwenda kutafuta anayelipa zaidi. Na mfanyakazi asiyeweza kuondoka, mshahara wake hauna sababu ya kupanda.

Ukiyaona haya pamoja utaelewa kwa nini Xuma “alipata kazi haraka”. Mgodi haukumfanyia hisani. Nchi nzima ilikuwa imepangwa ili vijana kama yeye wasiwe na pengine pa kwenda.

Na hapa ndipo tunapofika kwa babu, maana sitaki umwone kuwa mzee asiyejua alichofanyiwa. Wenela, kwa faida ya wasomaji wengine, ni jina tulilolipata kwa kutamka herufi za mwanzo za shirika la migodi ya Witwatersrand lililokuwa likiandikisha manamba nje ya Afrika Kusini. Wanaume wengi wa Nyasa na wa upande wetu huu walikwenda, mpaka baada ya Uhuru serikali ya Tanganyika ilipoufunga mlango huo. Wapo waliorudi na mabati, wapo waliorudi na koti na gramafoni, na wapo ambao hawakurudi.

Babu yako na Xuma huenda walishuka lifti za aina moja na kuvuta vumbi la aina moja. Lakini nyuma ya babu kulikuwa na migomba. Ardhi nyingi ya Rungwe ilibaki mikononi mwa wenyewe. Kulikuwa na ndizi, maharage, kahawa ya kuuza, na mkataba ukiisha kulikuwa na mahali pa kurudi ambapo hakuna polisi wa kuuliza pasi. Kwa hiyo aliutumia mgodi: akaenda na hesabu yake kichwani, ng’ombe kadhaa za mahari, akaipata, akarudi akaoa, na wewe ukazaliwa. Hilo ni kweli na ni la kujivunia. Xuma hesabu hiyo hakuwa nayo, kwa sababu nyumbani alikotoka hapakuwa na cha kurudia. Kwa hiyo babu anaposema mshahara haukuchelewa anasema kweli, na kweli yake haipingani na ya mwalimu wako. Muulize tu maswali ambayo labda hajawahi kuulizwa. Nani alikuwa anatega baruti? Mzungu aliyekuwa juu yake alikuwa na miaka mingapi kazini, na yeye babu mingapi? Walikuwa wanamwitaje, kwa jina lake? Kisha kaa kimya umsikilize.

Tuje kwa Eliza. Unasema mapenzi ndiyo yaliyomwangusha Xuma. Eliza ni mwalimu wa shule, amesoma, anampenda Xuma, na hawezi kuishi naye, maana anatamani maisha ya Wazungu: nyumba ile, vitabu vile, kwenda atakako. Wanafunzi wangu wa kiume huwa wanamhukumu vibaya, “anajidai”. Mimi nawauliza, kosa lake ni lipi hasa? Elimu ilimfungulia dirisha akaona sebule ya watu, kisha rangi ikamfungia mlango. Xuma mwanzoni haelewi. Anakuja kuelewa siku anapokaribishwa nyumbani kwa Paddy, yule bosi wake wanayemwita Mwekundu, anapokaa kwenye kiti laini na kuona vitu alivyovitamani Eliza. Pale anamwelewa mchumba wake kuliko siku zote walizokaa pamoja, na hilo halimsaidii kitu. Mwishoni Eliza anapanda treni na kuondoka. Kwa hiyo usiyaweke mapenzi upande mmoja na ubaguzi upande mwingine. Ubaguzi uliingia mpaka chumbani mwao.

Mambo hayo msidhani ni ya kule tu. Hapa Iringa, pale kilipo leo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, palijengwa miaka ya hamsini shule ya bweni ya watoto wa Kizungu iliyoitwa St. Michael’s and St. George’s. Majengo ya matofali, viwanja vya michezo, nafasi tele. Mimi nimesoma katika madarasa yale miaka mingi baada ya Uhuru, na kuna siku nilikuwa nakaa barazani nikiwaza mchunga ng’ombe wa rika la babu yangu aliyekuwa akipita chini ya kilima na kuziona taa zile usiku. Hakuna aliyempiga, wala hakuna aliyemwambia neno. Alijua tu kwamba pale si pake.

Hii inanileta kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, na sijaona mwanafunzi akiliandika. Pitia riwaya nzima ukitafuta mahali Xuma anaposema anataka kuwa nani. Utaona anamtaka Eliza, anataka kazi, anataka kuachwa kwa amani. Lakini kwamba angependa kuwa mhandisi wa mgodi, au mwenye duka, au mwalimu, mimi sijaona. Kijana mwenye akili ile! Mtu akikaa chini ya dari fupi tangu utotoni huacha kunyoosha shingo, na baadaye watu husema ndivyo kimo chake kilivyo. Mtazame yule mzee wanayemwita Daddy, analala mitaroni akinuka pombe, watoto wanamcheka. Kumbe zamani alikuwa mtu mwenye elimu na heshima, aliyesimama mbele katika vita vya kupinga pasi mpaka akafungwa. Yeye ndiye aliyenyoosha shingo.

Wengine nawataja kwa haraka. Leah, mwanamke aliyempokea Xuma usiku ule wa kwanza, anauza pombe ya magendo, anapambana na polisi kwa akili mpaka wanamnasa. Daktari Mini ni daktari mweusi, na utasema basi inawezekana. Inawezekana kwa mmoja, naam, na ndiyo maana mwandishi kamweka mmoja.

Kuhusu Paddy, uangalie sana. Ni mtu mwema, na wema wake unapoteza wasomaji. Anamwambia Xuma ajifikirie kwanza kama mtu, rangi baadaye. Xuma anamjibu kwamba wewe hubebi pasi, hujui inavyokuwa kusimamishwa na polisi njiani. Wote wawili wanasema kweli, lakini asubuhi yake mmoja anakwenda kazini kama bosi na mwingine kama boi. Bosi wa Xuma angekuwa katili tungesema tatizo ni roho mbaya ya mtu. Kwa kumfanya mwema, Abrahams ameuweka ubaguzi mahali pake, kwenye sheria na mpangilio wa kazi, ambapo wema wa mtu mmoja haufiki.

Mwisho wa kitabu mgodi unaporomoka. Johannes, rafiki yake Xuma, na bosi wake wa Kizungu, Chris, wanaushikilia mwamba kwa miili yao ili wengine watoke, na wanakufa hapohapo. Xuma anakataa kuwapeleka watu chini mpaka parekebishwe. Angekuwa mfanyakazi wa Kizungu huo ungekuwa mgogoro wa kazi. Kwa kuwa ni mweusi ni jinai, na polisi wanaitwa. Anakimbia, kisha anaamua kurudi kujisalimisha kwa sababu Paddy keshakamatwa na wenzake wamebaki. Baadhi ya wahakiki wanaona mwamko huu umekuja ghafla mno, na kwamba haikupendeza Xuma aamshwe na mzungu. Nami nadhani wana hoja, kurasa za mwisho zina hotuba nyingi kuliko uhai. Lakini usiseme haiwezekani. Mwezi Agosti mwaka uleule wa 1946 makumi ya maelfu ya wachimbaji weusi wa Witwatersrand waligoma kweli, na mgomo ukavunjwa kwa nguvu, watu wasiopungua tisa wakafa.

Basi insha uiandikeje? Njia rahisi ni ya sheria: ardhi, pasi, kazi zilizotengwa, kila moja na tukio lake kitabuni. Ni salama, utapata alama nzuri, ila itafanana na za darasa zima. Njia yako ya mapenzi ukiiacha kama ilivyo itakuangusha, lakini ukiigeuza kama nilivyokuonyesha kwa Eliza inaweza kuwa aya yako bora. Mimi ningeanza na mashaka yako yenyewe: Xuma alipandishwa cheo, kwa hiyo alinyimwa nini? Swali lile lile uliloniuliza mimi liulize ukurasa wa kwanza, kisha ulijibu. Babu usimtie kwenye insha ya mtihani, maana wanasahihisha kitabu. Mwandikie daftari lake peke yake, na tarehe.

Rasimu ukiimaliza mpelekee mwalimu wako mkononi, usiogope. Anayekutishia sifuri mara nyingi anataka kuona kama utarudi na ushahidi. Kitabu kikiadimika, jaribu maktaba ya mkoa pale Mbeya.

La mwisho halihusu fasihi, na ningeweza kulianza nalo. Umeandika kwamba babu anacheka, kisha anakohoa. Kitabuni kuna mchimbaji anayekohoa damu na kuficha, anamsihi Xuma asimseme kwa daktari kwa sababu ana deni na familia. Vumbi la mwamba wa dhahabu lina chembechembe za silika zinazokwangua mapafu na kuacha makovu, na makovu hayo huendelea hata miaka mingi baada ya mtu kuacha mgodi. Hayafutiki, lakini mapafu yenye makovu hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na hicho kinatibika. Mimi si daktari, na kikohozi cha mzee wa miaka 86 kinaweza kuwa na sababu kumi. Kama kimepita wiki mbili, au anapungua uzito, au anatoka jasho usiku, mpelekeni hospitali ya wilaya akapimwe makohozi na kupigwa picha ya kifua. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure.

Daktari atamuuliza kama anavuta sigara. Kuhusu migodi huenda asiulize, kwa sababu akimtazama ataona mkulima wa Tukuyu. Mwambie wewe: alifanya kazi chini ya ardhi, Johannesburg, miaka kadhaa. Na nendeni mapema, Jumatatu foleni huwa ndefu.